Kadi Iliyosubiri Idhini

Bwera, 14 Machi 2024

Mpwa wangu Martine,

Nyumba hii inakusalimu. Sisi tupo. Miguu imeanza kuvimba tena na daktari amenikataza chumvi, mimi niliyezaliwa Kabatoro na kulala utotoni juu ya magunia ya chumvi. Mjukuu wangu Sylivia amemaliza masomo ya uuguzi, na mgonjwa wake wa kwanza ni mimi. Nasikia binti yako Marlène amekuwa wa pili darasani. Mwambie babu yake anauliza wa kwanza ni nani.

Tuje kwenye kazi. Nimesoma karatasi ulizompa Tsongo, dereva, kuhusu tovuti ya shirika letu. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu masikio yangu hayashiki tena maneno ya simu, na mambo ya ofisi hayafanywi kwa kupayuka.

Umetupa mifumo miwili tuchague. Katika wa kwanza, karani wetu Nobert akimpokea mtu aliyekimbia vita Kongo, anaandika kadi yake, jina, kijiji na picha, na papo hapo ndugu zake popote walipo wanaiona. Katika wa pili, kadi inakaa kwenye foleni na haionekani mpaka mwenyekiti aidhinishe. Wewe unapendekeza wa kwanza.

Mwenyekiti ni mimi. Nilipokuwa mwalimu mkuu hakuna tangazo lililobandikwa ukutani bila saini yangu, na shule haikuanguka. Nobert ana moyo mzuri, lakini ukimwacha peke yake ataweka picha ya bibi juu ya jina la bwana. Kamati ilikaa Jumamosi. Nilisema tutachukua mfumo wa pili, wakapiga makofi. Zaidi ya hayo, nataka foleni ionwe na mwidhinishaji peke yake. Nobert akishatuma kadi, asiione tena. Wewe pia. Hawa ni watu waliokwisha kuvuliwa heshima njiani. Hawahitaji kuchunguliwa na kila fundi.

Ukizungumza na mama yako, mwambie kaka yake yupo. Mengine kati yangu na yeye unayajua.

Mjomba wako,
Kezironi


Kasese, 2 Aprili 2024

Mjomba,

Heshima yako itangulie. Huku joto limezidi na maji ya mto Nyamwamba yamekula bustani ya jirani yangu Atim. Marlène anasema wa kwanza ni msichana anayeitwa Night, na kwamba Night hana babu wa kumwuliza maswali.

Nimefanya kama mlivyotaka. Ningekuwa mwongo nikisema nimeridhika. Mfumo wa foleni unahitaji mtu wa kuufungua kila siku. Ukiugua je? Ukisafiri? Niliomba awepo mwidhinishaji wa pili, mkanijibu kwamba hakuna basi lenye madereva wawili. Basi. Wewe ndiye uliyenitafutia kazi hii nilipokuja kutoka Butembo na begi moja, na mimi si mtu wa kubishana na mkono ulionishika.

Foleni nimeifunga vizuri. Hakuna atakayeiona ila wewe, hata mimi niliyeitengeneza. Nikimaliza mkataba nitaondoa jina langu, na Sylivia atakusaidia kubonyeza.

Nilimwambia mama kwa simu kwamba nimejenga mahali ambapo watu waliopotezana wanaonana. Nikamtania: sasa hata ukipotea, mama, nitakuona asubuhi kabla ya chai. Alicheka sana. Anakusalimu. Ndivyo alivyosema, sikuongeza.

Mpwa wako,
Martine


Kasese, 19 Novemba 2024

Mjomba,

Natumaini uvimbe umepungua na kahawa imevunwa salama. Tangu mkataba uishe mwezi wa nane natengeneza simu za watu kwenye kibanda karibu na stendi. Marlène hajambo, amerefuka, sare imemwacha magotini.

Mjomba, kijiji cha mama kimechomwa. Waliofika hapa wanasema watu wote walikimbia kuelekea mpakani. Mmoja alimwona mama barabarani na kitenge cha kijani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Simu yake haiiti. Namba yangu ya Uganda ilikuwa ndani ya simu hiyo. Kichwani hakuwa nayo.

Kila asubuhi naifungua tovuti. Naona kadi za mama wa watu. Nimeshawaona watu wawili hapa stendi wakilia kwa furaha mbele ya simu zao, na mmoja alikuwa amenipa simu hiyo nimbadilishie kioo.

Foleni siioni, wewe unaiona. Nakuomba uangalie humo. Jina lake unalijua kabla yangu. Ni Ithungu, dada yako wa tumbo moja.

Martine


Bwera, 6 Januari 2025

Mpwa wangu,

Tumeuanza mwaka. Sikukuu ilipita kimya. Nilikunywa uji wakati wengine wanakula nyama. Sylivia amepata mchumba, mrefu, haongei. Nimempenda kwa hilo.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu ya moyo, unaoruka kama chura. Nimeangalia. Kina Ithungu wapo wengi, na unajua sababu. Sisi tunampa mtoto jina kwa zamu yake ya kuzaliwa, kwa hiyo kila boma lina Ithungu wake. Hao waliomo ni wa watu wengine. Wa kwenu hayumo.

Nimesikia kwamba watu wa kijiji kile walipakiwa kwenye malori wakapelekwa makambi ya kaskazini. Mtafute huko. Usihangaike kuja Bwera; hapa hakuna kitu cha kuona ila mzee na miguu yake.

Kezironi


Kasese, 28 Aprili 2025

Mjomba,

Marlène anakusalimu. Sasa anaishi kwa Atim. Kibanda nimekifunga, kwa sababu fundi asiyeonekana kibandani wateja humhesabu kuwa amekufa. Nimekwenda kaskazini kwenye makambi mawili, na picha ya mama mkononi, nikipita hema kwa hema. Watoto walinipa jina: Madame Picha. Mwanamke mmoja aliniambia, "Mupe ile picha jina lingine, labda ataitika." Wenzake wakacheka. Nilicheka nao. Nilikuwa sijala.

Mwezi wa pili nilikuja kwako ingawa ulinikataza. Ulinipa chai, ukasema nimekonda kiasi kwamba wanaume watadhani nina ugonjwa. Ofisi ilikuwa imefungwa, na wewe ukasema Nobert yuko safarini. Nilitaka kuzunguka sokoni kuuliza, ukaniambia Tsongo anaondoka sasa hivi na hakuna gari jingine. Nilikuwa kwenye kiti chako nikinywa chai yako, kwa hiyo niliinuka nikapanda gari.

Kule njiani, kwenye njiapanda ya Kikorongo, gari liliposimama watu wanunue ndizi za kuchoma, nilijiuliza kwa nini hukuuliza hata mara moja kama nadhani mama yuko hai. Mtu asiyeuliza hivyo ama hajali, ama anajua.

Nina swali moja. Ipo kadi uliyoizuia? Nijibu ndiyo au hapana.

Martine


Bwera, 11 Agosti 2025

Martine,

Mwandiko huu ni wa Sylivia. Mwezi wa tano upande wangu wa kulia ulikufa, na mkono ukaenda nao. Mchumba wake bado haongei. Mvua ni haba. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Uliuliza ndiyo au hapana. Ndiyo.

Mama yako alifika Bwera kabla ya barua yako ya Novemba. Alimwambia Nobert kwamba mwenyekiti ni kaka yake. Nobert akaja hapa, kofia mkononi.

"Muzee, iko mama moja pale ofisini anasema eti ni dada yako."

"Anaitwa nani?"

"Ithungu."

Nikacheka. "Nobert, nikikusanya kina Ithungu wa milima hii yote, kanisa halitawatosha. Huyo simjui."

Naye akacheka, akaniomba radhi kwa kunisumbua. Mtu wa nje angeuliza swali la pili. Nobert ni wetu, na jina lilimtosha; tangu hapo kila alilosema mama yako kuhusu mimi au kuhusu wewe alilihesabu kuwa uongo, na mama yako, alipojua nimemkana, hakuja mlangoni kwangu.

Kesho yake kadi iliingia kwenye foleni. Niliijua sura kabla ya kusoma jina. Sylivia alikuwa sokoni, nami niliweza bado kubonyeza mwenyewe. Sikubonyeza.

Unataka kujua kwa nini. Tulipomzika mama yetu kule Kabatoro, Ithungu alikuja kutoka Kongo, akanikuta nimeshika sepetu niweke udongo wa kwanza. Alininyang'anya mbele ya waombolezaji, mbele ya walimu wangu wote. Akasema, "Ulimuacha na njaa, leo unamupatia udongo?" Kama ingekuwa uongo ningeusahau. Nilikuwa najenga nyumba ya mabati, na mama alikuwa anakula mara moja kwa siku. Kwa hiyo nilipoiona picha yake kwenye foleni, mdomo umekauka, nilisema: wewe nawe ngoja kidogo. Nilikusudia wiki moja.

Wiki ikapita. Barua yako ikaja. Kadi hubeba tarehe yake ya kuingia; ukiiachia, kila mtu anaona imekaa muda gani. Kila nilipotaka kuibonyeza niliiona tarehe, na kila siku ilikuwa mbaya kuliko jana. Mwishoni kumwacha dada yangu apotee kulikuwa rahisi kuliko kuieleza tarehe. Habari ya malori niliitunga mezani, nikikuandikia.

Usidhani mfumo uliharibika. Ulifanya kile ulichoagizwa kila siku, bila kukosea. Ulinijengea mlango mzuri, Martine. Mimi niliushika tu.

Sasa lililo baya zaidi. Nilimwambia Nobert kwamba kadi nimeiachia, naye akamwambia mama yako. Kila alipokuja ofisini kuuliza aliambiwa, "Iko kwa mutandao, mama, lakini hakuna mutu ameitika." Mfanyabiashara mmoja wa Kongo, Jean-Bosco, alitaka kufungua simu yake aangalie. Nobert alimkemea, "Weye unataka kumupima muzee?" Jean-Bosco akairudisha simu mfukoni. Huo ndio usalama niliokuwa nao, kwamba hakuna mtu Bwera ambaye angeangalia nyuma ya neno langu. Hata wiki nilizolala hospitali, Sylivia alikuwa na neno la siri, na hakuthubutu kuigusa foleni mpaka nirudi.

Kwa hiyo mama yako anajua kwamba ulimwona, na hukuja.

Yuko hapa. Jean-Bosco alimchukua nyumbani kwake, nyuma ya soko, anachambua maharage. Siku uliyokuja kunywa chai alikuwa huko. Nilimtuma Tsongo akupakie kabla hujaufikia mtaa ule.

Siombi msamaha. Daktari amemnong'oneza Sylivia kitu ambacho hakuniambia mimi, kwa hiyo nakijua. Nikifa, atakayeshika kiti changu ataifungua foleni na kuikuta kadi hiyo juu kabisa. Sikutaka uambiwe na Nobert.

Sylivia ameandika yote haya bila kunitazama.

Kezironi


Kasese, 20 Agosti 2025

Kwa Kezironi,

Marlène ana malaria, anapona. Hiyo ndiyo salamu yako.

Nilikwenda Bwera siku ileile niliyopata barua. Sikupita kwako. Mama alikuwa amekaa chini kwenye ua wa Jean-Bosco, ungo mapajani. Meno ya mbele hana tena. Nilisimama mbele yake, akainua uso.

"Uko nataka maharagi gani, madame?"

Nilipiga magoti. Nikasema ni mimi, Martine.

"Ninakujua. Niliuliza maharagi gani."

Nilimsomea barua yako yote. Aliendelea kuchambua, mabovu kushoto, mazima kulia. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akaishika karatasi, akaisogeza mbali na macho yake.

"Mukono ya Kezironi ninaijua. Ndiye alinifundisha kuandika, akanipiga na rula. Hii si yake. Weye ni fundi ya mashini, weye utashindwa kutengeneza barua?"

"Ni mjukuu wake aliandika, mama. Mkono wake umekufa."

"Eh. Mukono imekufa leo leo, siku weye unaihitaji." Akawaambia wanawake waliokuwa naye, "Muone. Watoto ya wengine waliona mama zao kwa ile mutandao, wakakuja na pikipiki. Wa kwangu aliijenga, akanipita kama ubao wa duka."

Wote walinitazama. Jean-Bosco alitaka kunitetea, mama akamwambia anyamaze, yeye ni mgeni katika maneno haya. Nilikaa uani pale mpaka walipofunga kazi. Hakunipa maji. Nilipotaka kumsaidia kubeba ungo alisema utamwagika.

Mimi nilidhani ubaya wako ni kwamba ulimficha. Sasa naona hukumficha mama peke yake. Ulinichukua mimi pia, ukamwonyesha mtoto mwingine mwenye sura yangu.

Mama hataamini karatasi wala mimi. Aliyebaki ni wewe. Mtume Sylivia akamlete kitandani kwako, umwambie kwa mdomo wako. Uniache mimi nje, asije akasema nimekulisha maneno. Kama una pumzi ya kuagiza uji, unayo ya hilo. Na ukifa kabla hujasema, Kezironi, nitakuja mazishini, na kila atakayesimama kukusifu nitamsomea barua yako.

Martine


Bwera, 5 Septemba 2025

Martine,

Sylivia ndiye anayeandika, kama kawaida. Maji yamefika kifuani, nalala nimekaa.

Barua yako ilikaa chini ya mto zaidi ya wiki. Nilikuwa natumaini kufa. Juzi Sylivia aliingia na dawa, akasema, "Babu, leo ninamuleta yule mama. Ukikataa, jitilie dawa mwenyewe." Akaenda.

Ithungu aliingia na ndala za mke wa Jean-Bosco. Hakukaa kwenye kiti cha wageni. Alisimama miguuni pa kitanda, akanitazama kama anayetafuta pa kuanzia.

"Umezeeka vibaya," alisema.

"Nawe."

"Mimi nilikimbia vita. Weye ulikimbia nini?"

Nilimwambia. Pumzi ilikuwa inakatika, kwa hiyo nilisema kwa vipande. Nilimweleza habari ya Nobert na kile kicheko, ile wiki moja, ile tarehe, uongo wa malori, na barua uliyoapa kuisoma mazishini kwangu. Sepetu nililitaja pia. Hapo alicheka kidogo, bila meno, akasema, "Yote hii juu ya sepetu." Akarudia kama mtu anayejifunza neno geni.

Hakuamini bado. Nikamwambia Sylivia alete mashine kitandani, aifungue foleni. Kadi ilikuwa pale, na maneno yaleyale chini yake: inasubiri idhini. Dada yangu aliinama karibu na kioo. Aliitazama picha yake.

"Ile siku nilikuwa sijaoga," alisema. Halafu, "Na Martine hakuona hii?"

"Hakuweza. Naiona mimi peke yangu."

"Hata siku moja?"

"Hata moja. Alikuwa anaifungua tovuti kila asubuhi. Alikwenda mpaka makambi ya kaskazini kukutafuta."

"Nani alimutuma kaskazini?"

"Mimi."

Alinipiga kofi, upande ambao bado una hisia. Sylivia aliruka, nikamwambia aache. Ithungu akaomba maji, akanawa mkono ule polepole mpaka kwenye kiwiko, akaufuta kwenye kitenge.

"Nimekuzika leo," aliniambia. "Ile siku ingine sina kazi nayo. Na mutoto yangu hatakuja kukusomea kitu. Ametembea ya kutosha juu yako."

Kwa hiyo usije. Utakuwa unamkosea yeye, si mimi.

Nilimwambia angoje, nikutumie habari uje umchukue. Alisema kungoja amemaliza. Nikamwomba basi abebe barua hii. Akasema hatatoka na hata uzi kutoka nyumba hii. Akauliza Kasese unakaa wapi. Sikujua. Umenifanyia kazi, umeniandikia, umekaa kwenye kiti changu, nami sijawahi kuuliza. Sylivia ndiye aliyejua, kutoka barua zako, kwamba ni jirani na Atim, akamwandikia kwenye kiganja. Barua hii inakuja nyuma yake. Ukiisoma, atakuwa amekwisha kufika, na sijui atakuwa amekuambia nini.

Dada yangu alipokuwa mlangoni, Sylivia aliniuliza kadi tuiachie sasa au tuifute. Niliona hilo nalo ni langu la kuamua, nikawa nafikiri. Ithungu alijibu bila kugeuka.

"Mufute. Mimi siko mutu ya kutafutwa tena."

Sylivia aliuweka mkono wangu wa kushoto juu ya mashine. Iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza.

Kezironi